Samaki wa Kaka Yangu

Mama alipopata kiharusi, nilimhamishia kwangu Kasulu. Miezi miwili alikaa akitazama ukuta, hasemi. Nikamtengenezea tangi la samaki. Fundi wa madirisha aliliunganisha kwa vioo, na kaka yangu anayeishi Kibondo akaniletea vifaranga vinne vya perege kutoka bwawa la mama mmoja wa Kitahana.

Siku hiyo hiyo nikawatia majini. Mama aliwatazama mpaka jioni. Kisha, kwa sauti nzito, akaanza kuwagawa: huyu ni wako, huyu ni wa dada yako. Mwenye mkia mweusi alikuwa wa kaka. Nilifurahi hadi nikalia.

Wiki ya pili samaki wakaanza kupanda juu na kupumua kwa shida. Mimi ni mpima maabara, lakini maji yale sikuwa nimeyapima hata siku moja. Nilipoyadondoshea dawa ya kupimia kwenye kichupa, yakageuka kijani iliyokolea. Amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi chao. Nikampigia yule mama wa bwawa.

"Kwani ulikaa muda gani kabla ya kuweka samaki?" akauliza.

"Niliwaweka siku ile ile."

Akaguna. "Mwanangu, tangi lako ni jipya. Bado halina vijidudu vya kula huo uchafu. Badilisha robo ya maji kila siku, na ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima, dawa yake iyatoke. Chakula punguza. Halafu uje uchukue kokoto kwenye tangi langu la zamani. Vijidudu vimejaa humo."

Nisingeweza kumwacha Mama. Nikamwomba kaka aende.

Aliondoka Kibondo alfajiri kwa pikipiki, mvua ikinyesha. Saa tatu akanipigia: ameshapata kokoto, anakuja. Saa sita nikampigia, simu haipatikani. Saa saba, haipatikani.

Nikiwa bado nimeishika simu nikamsikia Mama akiniita mwanangu kwa Kiha: "Mwana wanje, njoo."

Mwenye mkia mweusi alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya tangi, amekufa.

"Ni wa kaka yako," alisema.

"Mama, ni maji tu. Yamechafuka."

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Mpigie nimsikie."

Niliweka simu sikioni, nikajifanya nasikiliza. Mimi nisiyeamini mambo ya ishara siku hiyo niliyaamini. Akilini nilimwona kaka mtaroni, pikipiki juu yake, kwa ajili ya kokoto nilizomtuma mimi. Nikatoka uani nikampigia kila mtu niliyemjua njia ile. Hakuna aliyemwona. Niliporudi ndani, Mama alikuwa anasali kwa Kiha, maneno yakimkatikia mdomoni, na niliogopa kiharusi kingine kitampiga pale pale kitini.

Saa kumi kasoro pikipiki ikaingia uani.

Alikuwa tope tupu, goti limechubuka. Aliteleza kabla hajafika lami, simu ikatumbukia kwenye dimbwi. Saa kadhaa alikuwa akirekebisha mnyororo. Ndoo ya kokoto aliifunga kwa mpira wa baiskeli, haikumwagika.

Mama alimshika uso kwa mkono mmoja, hakumwachia. Kaka akacheka, halafu akaona mimi sicheki.

"Kuna nini?"

Nilichukua kokoto, nikazimwaga taratibu kwenye tangi, tope lake na vyote, mpaka maji yakanimwagikia miguuni.

Kijani kwenye kipimo ilichukua karibu mwezi kufifia. Nilipima asubuhi na jioni, na kila siku kabla ya kufunua kitambaa kilichofunika tangi nilimpigia kaka kwanza. Hakuwahi kuniuliza kwa nini. Mama naye hakuwagawa tena samaki waliobaki. Anawaita tu perege.