Fundi Mabango Anayepigania Herufi ya Mwisho

Ukungu wa asubuhi haujainuka barabarani. Fundi mabango amesimama juu ya stuli mbele ya duka la mikate, brashi yake ikinywa rangi nyekundu taratibu. Mkono wake wa kulia unatetemeka kidogo, kama jani linaloota ndoto ya upepo.

Nyuma yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi mkewe.

"Kubwa," anasema.

Herufi inapanuka.

"Kubwa, baba watoto. Usiibanie rangi ya watu."

Mwenye duka, mama mwenye unga hadi viwikoni, anatazama kutoka mlangoni. Sharti lake amekwisha kulitoa: herufi ya mwisho ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, bango litang'olewa na kazi itakwenda kwa wenye mashine za kuchapa mabango. Fundi naye amejiapiza kwamba kazi hii ikimponyoka, ataiweka brashi chini moja kwa moja.

Kwa zaidi ya miaka thelathini mtaa huu umesomeka kwa mkono wake. Hakuwahi kumkabidhi mteja bango la kuombea radhi. Kisha, mwaka juzi, kinyozi wa jirani alisimama mbele ya bango jipya, akakuna kichwa.

"Fundi, mbona linakonda likielekea mwisho? Limefunga saumu?"

Neno la kwanza lilikuwa na urefu wa mkono. La mwisho lilitambaa kama sisimizi. Fundi hakuwa ameona lolote.

"Machoni mwangu zilikuwa sawa zote," anasema. "Nililiona kosa baada ya kushuka. Nikahisi kama mtu mwingine ndiye aliyeshika brashi."

Hospitalini, daktari alimwambia aandike sentensi moja, airudie hadi karatasi ijae. Mistari ilizidi kusinyaa. Ni ugonjwa wa Parkinson, ambao huua polepole chembe za ubongo zinazoongoza mwendo wa mwili. Dawa humpunguzia ukakamavu, haziponyi. Nusu ya wateja wamemkimbia.

Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyempa silaha anazotumia leo: mistari miwili ya chaki, juu na chini, na sauti ya mtu wa kumkumbusha.

"Miaka yote alinikataza kusema akiwa kazini," mkewe anacheka. "Sasa nikinyamaza, ananuna."

Neno la mwisho ni ASUBUHI. Kwenye herufi ya mwisho kabisa mkono unagoma, rangi inaning'inia kwenye ncha ya brashi. Barabara nzima inaonekana kusubiri ndani ya ukungu.

"Kubwa," mkewe ananong'ona.

Brashi inashuka, mstari hadi mstari.

Mwenye duka anatoka na mti mrefu wa kupakulia mikate tanurini. Anapima nao herufi ya kwanza, anaweka kidole inapoishia, anaupeleka kwenye ya mwisho. Kidole hakisogei.

"Haya, shuka," anasema. "Kabla hujaniongezea herufi nyingine za bure."

Akifuta brashi, fundi anaeleza anachokitamani kabla mkono haujamkatalia kabisa.

"Nimeandika majina ya watu wote mtaani. La mke wangu, hata mara moja. Nitaliandika kwenye ukuta wa nyumba yetu, toka msingi hadi paa."

"Jina langu refu, wewe. Ukuta ule hautatosha."

"Litakunja kona," anajibu, "liendelee upande wa pili."