Deni la Dada Melania

Kamugisha alipopunguzwa kazi Houston, katika kampuni ya mabomba alikokuwa mhasibu, hakumwambia mtu. Ndugu anayejulikana kwao kuwa ana kazi Marekani hapotezi kazi hivi hivi tu, bila kikao cha ukoo. Akajiandikisha kulipwa mafao ya wasio na kazi, akaendelea kufunga tai kila asubuhi ndani ya fleti yake ya Sharpstown, akakaa kwenye kompyuta kuomba kazi ambazo hazikumtaka.

Shida yake kubwa ilikuwa mdomo. Mdomo wa Kamugisha haukuumbiwa neno "hapana". Ndugu akisema ana shida, mkono ulikuwa mfukoni kabla shida yenyewe haijatajwa. Na mafao yale yalikuwa na mwisho. Yakiisha kabla hajapata kazi, kodi ya fleti isingekuwa na pa kutoka, na meneja wa pale hakuwa mtu wa kusikiliza historia ya ukoo.

Wa kwanza kumkopa alikuwa dada yake mkubwa, Melania, nesi mwenye nyumba mpya kule Katy, pembeni ya Houston. Mafao ya kwanza yalipoingia tu, akapiga simu. Mvua ya mawe imetoboa paa. Kamugisha akatoa. Mafao yaliyofuata, kiyoyozi kimekufa. Yaliyofuata tena, meno ya mtoto yanataka kunyooshwa. Nyumba ya Katy ikawa inaharibika kwa utaratibu mzuri kabisa. Kamugisha alibaki na ya kodi na maharage. Akaanza kumchukia dada yake, ila kwa adabu: kila simu aliipokea kwa shikamoo.

Faida ilikuwa moja. Wilfred, mdogo wao wa Dallas ambaye gari lake huugua kila mwezi, alipopiga kuomba, Kamugisha alimjibu ukweli mtupu: "Zote kakopa dada." Binamu wa Mwanza akajibiwa hivyo hivyo. Habari zikafika Bukoba, mama akaomba misa ili Melania aponywe madeni.

Mafao yakaisha, kazi hakuna. Kamugisha akaendesha gari hadi Katy, njia nzima akifanya mazoezi ya kudai, kwa sauti, vioo vimefungwa. Alipofika aliangalia paa kwanza. Halikuwa na hata kovu. Ndani, kiyoyozi kilipuliza baridi ya mochwari. Mtoto akampita akitabasamu na meno yale yale, yamepandana.

Melania alikuwa jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

"Dada, sina kazi. Tangu Februari."

"Najua." Hakuinua macho. "Ulipokuwa na kazi hukuwahi kupokea simu yangu saa nne asubuhi. Kila siku uko kwenye meeting. Ghafla unapokea kabla hata haijaita vizuri."

"Na siku za mafao umezijuaje?"

"Pesa ikiingia, sauti yako inakuwa nene."

Akanawa mikono, akaenda chumbani, akarudi na boksi la glavu za hospitali. Ndani hamkuwa na glavu.

"Nilijua ukiachiwa utazigawa zote. Nikaona bora nikope mimi mapema, kabla ya wenzangu. Hesabu, wewe ndiye mhasibu."

Kamugisha hakuhesabu. Alimpenda dada yake wakati ule kiasi cha kuona aibu kukalia kiti chake. Melania alikwisharudi kwenye ndizi zake.

Simu ikaita. Wilfred. Kwa mazoea Kamugisha akaiweka spika.

"Shikamoo, kaka. Kaka, ni gari tena. Transmission imekufa, fundi anataka cash..."

Boksi alilopewa lilikuwa mapajani. Mdomo wa Kamugisha ukafunguka, naye alijua vizuri kitakachotoka. Akaziba simu kwa kiganja, akachomoa ya kodi, akalisukuma boksi mezani.

"Dada, kopa. Kopa haraka!"

"Nimekopa," akasema Melania, akalivuta kwake kwa mkono uliojaa utomvu.

Kamugisha akaondoa kiganja kwenye simu. "Mdogo wangu, zote kakopa dada."

Wilfred aliguna. "Tena? Kaka, nakwambia kila siku, huyu dada atakumaliza. Hana huruma hata kidogo."

Sauti ilijaa jiko zima. Melania akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.