Namba Iliyosomwa Mara Mbili

Mimi nakaa Mbinga mjini na kazi yangu ni kurekebisha kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa inayoiongoza kompyuta nzima. Mdogo wangu nilimfundisha kazi hii mwenyewe, kabla hajaolewa Lituhi na kuanza kufundisha hesabu sekondari. Kwake kurekebisha kiini ni kazi ya kupitishia muda. Kwangu ndiyo maisha.

Msimu ule wa kahawa nilikuwa nikihangaika na hitilafu moja kwenye sehemu inayoendesha kifaa cha mtandao. Kompyuta ilikuwa ikiganda bila kuacha alama yoyote. Nilijua ni data inayogongana: sehemu mbili za prosesa, ubongo wa kompyuta, zinagusa namba moja kwa wakati mmoja, moja inaandika, nyingine inasoma, hakuna inayoisubiri nyingine. Ila nikiweka ujumbe wa kufuatilia, mashine inachelewa kidogo tu na hitilafu inapotea. Nikaweka kufuli, ili mmoja aingie na mwingine asubiri. Msimamizi wa sehemu ile, mtu wa ng'ambo tusiyewahi kumwona, akakataa kwa sababu kufuli lilifanya mtandao uwe mzito.

Mdogo wangu alipokuja kumsalimia mama, nilimweleza. Alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto. Baada ya siku chache nikaona marekebisho yake yamepokelewa. Aligundua kwamba urefu wa data unasomwa mara mbili: mara ya kwanza kuukagua, mara ya pili kuutumia, na katikati unaweza kubadilika. Yeye akausoma mara moja, akautunza pembeni. Hakuweka kufuli. Msimamizi akamwandikia kwamba ni kazi safi sana. Mimi hajawahi kuniandikia hivyo.

Mama akanipigia. "Mdogo wako amewatengenezea Wazungu kompyuta!"

"Mama, na mimi ndiyo kazi yangu."

"Najua, mwanangu. Lakini mwenzio anafanya na mtoto mgongoni."

Mdogo wangu aliponipigia, sikupokea. Nilikaa na marekebisho yake, nikayasoma mstari kwa mstari nikitafuta kosa, nikiomba Mungu liwepo. Likawepo. Kifaa kikichomolewa, saa ya ndani ya programu iliendelea kulia na kuandika mahali ambapo kumbukumbu ilishaachiliwa, si pake tena. Kosa lilikuwepo tangu zamani, lakini yeye alipita karibu nalo asilione. Nilifurahi kama mtu aliyeokota mali. Nikapanda gari nikashuka Lituhi kumwonyesha ana kwa ana, nimwone uso.

Nilimkuta nje anaanika usipa, dagaa wa ziwani.

"Shikamoo dada! Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Lete kompyuta yako."

Nikamwonyesha. Alitazama, akaweka mkono mdomoni, halafu akaanza kucheka.

"Ndiyo maana kwangu ilikuwa bado inaganda! Nilikupigia nikuulize, hukupokea. Dada, mimi hili nisingeliona kabisa."

Hakuona aibu hata kidogo. Nilikuwa nimesafiri nusu siku kuja kuiona aibu ile, na badala yake nikapewa sahani ya ugali na samaki. Wivu ukanizidi, maana hata moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu.

Tulirekebisha pamoja sebuleni kwake: kwanza saa isimamishwe, ndipo kumbukumbu iachiliwe. Tulichomeka na kuchomoa kifaa mpaka mumewe akasema tutakivunja. Kompyuta haikuganda tena. Marekebisho yakaenda kwa majina yetu sote, la kwangu mbele. Alisisitiza yeye.

Haikusaidia. Msimamizi alipotafuta mtu wa kukagua kazi za sehemu ile, alimwomba mdogo wangu. Nilimpa hongera kwa simu, na kwa kiasi fulani nilimaanisha.

Siku hizi kazi yangu inapita kwake kwanza. Juzi alinirudishia moja: "Dada, samahani, hapa pana tatizo." Nikatazama. Kweli lilikuwepo. Nilikaa na hasira zangu mpaka chai ikapoa, ndipo nikarekebisha.