Ngozi ya Bibi Mdogo

Mwezi uliopita, katika bweni la chuo huku Kisangani, nilinyanyua godoro la mwenzangu, harufu ikanipiga: tamu kidogo, kali kidogo, kama majani mabichi yaliyopondwa yakasahauliwa ndani ya bakuli. Mwenzangu akaanza kuwatukana kunguni. Mimi niliketi chini. Kwangu mimi, hiyo ni harufu ya marehemu.

Nilikuwa na miaka minane Babu alipofariki, nyumbani kwetu Alunguli, mjini Kindu. Aliacha wajane wawili: Bibi mkubwa, mama wa baba yangu, na Bibi mdogo Sifa, mtu wa Lokandu, aliyezaliwa baada ya baba yangu. Kwa utani wa kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, basi Sifa aliniita muke-mwenzangu. Alinisuka nywele huku akilalamika kwamba namwibia bwana.

Walikaa eda katika chumba kilichopakana na cha Babu, na sisi watoto tulilala humo pamoja nao, maana mjane haachwi peke yake. Chumba cha Babu chenyewe hakikuguswa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba yetu: mpaka arubaini, kitanda kibaki kimetandikwa, kanzu itundikwe pale pale, mlango ufungwe. Kila Alhamisi jioni Bibi mkubwa alichoma udi kizingitini, akamsalimia. Niliuliza tutajuaje kama ameitika. Nikafinywa.

Wiki ya pili tukaamka na alama. Zilikuwa nyekundu, tatu tatu, zimepangwa mstari mmoja shingoni na mikononi, kama mtu ametugusa kwa vidole vitatu na kuvikandamiza. Tulikung'uta mikeka yetu, hatukuona kitu. Shuleni, tulipojipanga kuimba nyimbo za Chama tawala, mwalimu alinitazama shingo, akaendelea kuimba akiwa amesogea hatua mbili. Bibi mkubwa alipitisha kidole juu ya alama zetu, mtoto mmoja baada ya mwingine, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefurahi na kuogopa kwa pamoja.

"Babu yenu njo anahesabu watu wake," alisema.

Kunguni hakuna aliyewataja. Hao walikuwa wa nyumba za watu wengine.

Kisha ikaonekana kwamba Sifa, aliyelala karibu kabisa na ukuta wa Babu, hana alama hata moja. Wanawake wa matanga walimkagua nyuma ya pazia, wakatoka wakisema ngozi yake iko safi kama sahani. Sifa akajaribu kucheka. "Pengine bwana amenisahau," alisema. Hakuna aliyecheka naye.

Mimi nilitaka kumtetea. Niliwaambia kwamba kanga anayoilalia huwa na matone ya damu kila asubuhi, mengi kuliko kwetu sisi sote, na anaifua kabla hatujaamka. Mmoja wao akauliza, kama hana alama, damu hiyo ni ya nani. Bibi mkubwa akainuka taratibu, akamvuta mdogo wangu kutoka magotini kwa Sifa.

Jioni ile baba, akiwa bado amevaa abakosti, suti yake ya ofisini, alisema kwamba baada ya arubaini Sifa atamalizia eda kwa kaka yake, Lokandu. Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Sote tulielewa kwamba harudi.

Siku ya arubaini mlango ulifunguliwa, nami nikapenya wa kwanza. Harufu ile ilikuwa imejaa chumbani. Niliinua pembe ya godoro la nyasi. Walikuwa humo, wembamba kama maganda ya vitunguu, wakavu kwa njaa, na madoa yao meusi yalitoka kwenye maungio ya kitanda, yakapanda ukutani, yakaingia katika ufa ulioelekea kwetu. Nilitoka mbio nikiita kunguni, kunguni, kwa furaha ambayo naionea haya mpaka leo.

Kitanda kilivunjwa uani. Maji yanayochemka yalimwagwa kwenye kila tundu, petroli ya taa ikapakwa kwa unyoya wa kuku, godoro likachomwa, ufa ukazibwa kwa udongo na majivu. Mikeka yetu na nguo zetu zote zilichemshwa, kisha zikaanikwa juani. Nilisubiri mtu amwambie Sifa aache kufunga mizigo.

Bibi mkubwa alimtazama akifunga. "Kama njo kunguni," alisema, "mbona yeye hazikumuuma? Hata kunguni zinamuogopa."

Chuoni nimejifunza kwamba kuna ngozi zisizovimba. Kunguni hushiba, wakaondoka, na asubuhi hakuna kinachoonekana ila damu kwenye shuka. Aliyeliwa kuliko sisi sote alikuwa yeye. Lakini siamini kwamba hata daktari angemwokoa siku ile. Mtu wa kulaumiwa tulikuwa naye tayari. Tulichokuwa tukitafuta ni ushahidi tu, na kila tulichokipata kilifaa.

Miezi michache baadaye mchuuzi wa samaki alileta habari kutoka Lokandu. Watoto wa kaka yake Sifa walikuwa wanaamka na alama tatu tatu, Sifa mwenyewe akiwa hana hata moja, na kaka yake amemfukuza.

Vitu vya Sifa hatukuvichemsha. Kwa nini tuvichemshe, ikiwa kunguni wanamwogopa? Mkeka wake niliukunja mimi mwenyewe, nikaukaza kwa kamba ili usifunguke mtoni, ndani ya pirogi, naye akanishukuru.