Uradi Wangu Kwenye Usaili wa Mjukuu

Usaili wa mjukuu wangu ulifanyika kwa video sebuleni kwetu, hapa Kariakoo, kwa sababu mtandao unashika vizuri pale dirishani kuliko vyumbani. Kampuni yenyewe ni changa, ya vijana wanaotengeneza programu za simu. Ilikuwa ya kwanza kumwita tangu amalize chuo. Mwanangu, yaani mjomba wake, alikwishamwambia kwamba akikosa safari hii aachane na kompyuta, aje auze vitenge dukani kwake moja kwa moja.

Baada ya alasiri mimi hukaa sebuleni. Siku ile nilitaka kuondoka, akanizuia.

"Kaa tu, Babu. Mradi usiongee."

Sikuongea. Nilikaa nyuma yake na tasbihi yangu, nikawa nasoma uradi kimyakimya kama kila siku. Kule mtaani wauza nguo walikuwa wakinadi kwa vipaza sauti. Mjukuu alieleza kazi zake kwa utulivu. Maneno mengi sikuyaelewa, lakini nimesomesha watoto Kurani miaka mingi, naijua sauti ya mtu aliyeshika somo lake.

Kisha wakampa swali, aandike programu huku wanamtazama. Akakwama. Vidole vikasimama. Nikaharakisha uradi, nikimwombea.

"Dada, samahani," kijana mmoja akasema kwenye kompyuta. "Huyo mzee hapo nyuma anakutajia majibu?"

"Hapana, kaka. Ni babu yangu. Anasoma uradi."

"Mbona kila ukikwama mdomo wake unaongeza mwendo?"

Mwenzake wa kike akacheka. Mjukuu hakucheka.

"Shikamoo, mzee," kijana akaniambia. "Tunaomba utupishe kidogo."

"Marahaba," nikaitikia, nikaenda jikoni. Nikasikia wanamwambia azungushe kompyuta awaonyeshe chumba kizima, hadi nyuma ya pazia.

Sikumchukia kijana yule. Kwenye chuo changu cha Kurani nami huwatenganisha watoto ninaodhani wananong'onezana majibu, kwa kutazama midomo yao tu, na sijui ni wangapi niliowadhania vibaya. Kilichoniumiza ni sauti ya mjukuu. Majibu yalikuwa mafupi sasa: ndiyo, hapana, naomba urudie swali.

Siku ya nne ujumbe ukaja. Walikuwa wamemchukua mtu mwingine. Sababu hawakutaja.

"Nimekuharibia," nikamwambia. "Nisamehe."

"Babu, nilikwama mwenyewe kabla hawajakuona."

"Unasema kweli, au unanistahi?"

"Vyote viwili," akasema, akacheka kidogo. "Ila siku nyingine uniombee msikitini."

Jioni ile mjomba wake akaja, akauliza mjukuu ataanza kazi dukani kesho saa ngapi. Mjukuu akainama. Mimi si mzoefu wa kuingilia mambo ya wanangu, lakini nilisema.

"Huyu hakushindwa peke yake. Mtihani wake niliuvuruga mimi. Muache ajaribu tena."

"Mzee, hadi lini?"

"Hadi Idi."

Mwanangu akanitazama, akavuta pumzi. "Haya. Hadi Idi, kwa sababu umesema wewe."

Namshukuru Mungu kwa muda huo. Mjukuu ameshatuma maombi sehemu tatu, na hadi leo hakuna aliyemjibu. Akiketi dirishani na kompyuta yake, mimi hutoka nikakae barazani. Huko namwombea, na moyo bado haujatulia.