Mama Maria wa Magunia ya Kahawa

Mujukuu wangu wa kike alinionyesha mu telefone picha ya ubatizo wa mutoto wake. Nikamuambia sioni macho ya mutoto. Akaweka vidole juu ya kioo, akavitanua, picha ikakua. Nikasema bado. Akatanua tena na tena, mpaka mutoto akapotea, tukabakia na vibokisi tu: kimoja cheusi, kimoja cha kahawia, kimoja cha rangi ya muchanga.

“Unaona, koko? Picha yote iko vibokisi,” akasema, kama mutu anayenifundisha.

Nikamuambia arudishe mutoto wake kwanza, kisha akae chini. Vibokisi mimi nilivijua mbele mama yake azaliwe.

Ilikuwa miaka ya Zaïre. Mu ofisi walituita citoyenne, ni kusema mwananchi, ku parokia tulibakia bamama. Kanisa letu la Kadutu lilikuwa dogo, na siku ya sikukuu watu wengi walisikiliza misa wakisimama inje. Wamama wazee waliotoka Nyantende kwa miguu walifika kila mara nyuma ya wote, wakaona migongo tu. Basi kikundi chetu cha bamama kiliahidi picha kubwa ya Mama Maria, ya kutundika juu ya altare, ambayo hata mutu wa inje ataiona kupitia mulango. Tuliahidi mbele ya wakristo wote. Neno kama hilo halirudishwi.

Kitambaa cha duka kilitushinda bei. Tulichukua magunia ya kahawa, tukayafua mpaka harufu ikaisha. Gunia ni zuri kwa kazi ile, nyuzi zake zinapitana wazi, sindano inajua pa kuingia. Rangi tulizipata mu triko za sufu za zamani, za soko, tukazifumua. Picha ya kufuatisha ilikuwa ndogo kama kiganja, ilitoka mu kitabu cha sala. Tuliipiga mistari ya kalamu, ya kusimama na ya kulala, ikawa vibokisi. Kibokisi kidogo cha picha kilikuwa kibokisi kikubwa ku gunia, na kila kimoja tulikijaza mishono ya sindano yenye kupitana kama misalaba. Kisha tukagawana magunia, kila mama akaenda kushona kwake.

Mimi nilipewa nguo ya Mama Maria, sababu walisema mukono wangu ni muzito. Kweli ni muzito. Nilishona misalaba mikubwa, uzi juu ya uzi, buluu ya giza pale nguo inajikunja, buluu nyepesi pale mwangaza unapiga. Sura alipewa jirani yangu, muke wa fundi cherehani, aliyetushinda wote kwa kushona. Yeye aliona vibokisi vyetu ni vya aibu kwa uso wa Mama wa Mungu. Akavikatakata vidogo, na vile vidogo akavikata tena, akashona na uzi mwembamba kama unywele.

Siku ya kuunganisha tulitandika yote chini mu sale kubwa ya mikutano ya parokia. Bamama wakapiga magoti kuangalia sura ile. Nyusi ungeweza kuzishika. Kisha wakafika ku nguo yangu.

“Maman, hii iko nguo ao iko mashamba ya Nyantende?”

“Mumuache, alikuwa na haraka, bugali ilikuwa ku moto.”

Wakacheka. Mimi nikasema: mutundike.

Ilipotundikwa nilitoka inje, nikasimama pale wamama wa Nyantende wanasimamaka, nikawaita wenzangu. Nguo yangu ilianguka kutoka mabega mpaka miguu, imejikunja kama pagne ya kweli ya kitenge. Juu yake hakukuwa na uso. Macho hakuna, kinywa hakuna.

“Yesu wangu,” mumoja akasema. “Tumemupa sahani pahali pa kichwa.”

Hakuna aliyecheka tena. Bibi ya fundi aliingia kanisani, akaona macho yapo pale pale. Akatoka, macho yakapotea. Akaingia tena, akatoka tena. Sikukuu ilikuwa kesho yake. Wengine wakasema sura ifumuliwe. Yeye akasimama mu mulango, mikono kiunoni.

“Mutu akigusa uzi wangu mumoja, mimi siko tena mu kikundi hiki.”

Nilimuambia hakuna mutu atakayefumua. Kazi yake ilikuwa nzuri, ilikuwa nzuri kwa mutu anayebusu ukuta tu. Nilimuambia abakie pale inje, awe macho yangu. Nikachukua sufu nyeusi na pini, nikapanda ngazi.

“Weka giza pa nyusi,” akapaza sauti. “Shuka kidogo. Hapana, weye, sasa umemukasirisha.”

“Na hapa?”

“Hapo sawa. Chini ya mudomo sasa. Kidogo. Maman, kidogo nimesema, usimupe ndevu.”

Pale alipokubali nikashona misalaba yangu mikubwa juu ya kazi yake: pa nyusi, kando ya pua, chini ya mudomo. Pahali pengine sikugusa. Ukisimama karibu, utasema mutu amepita na makaa, na bado unaona nyusi alizoshona yeye kupitia kati ya nyuzi zangu. Ukitoka inje, makaa yanakuwa uso.

Kesho yake kiwanja kilijaa. Mama muzee wa Nyantende alitua kitunga chake, akaangalia kupitia mulango, akaangalia muda murefu.

“Huyu anaangalia sisi ao wale wa mbele?”

“Anaangalia sisi,” mwenzake akamujibu. Muzee yule hakuokota kitunga mpaka misa ikaisha.

Baada ya misa, bibi ya fundi alisimama chini ya altare, akiita watu wakaribie waone nyusi. Mimi nilisimama inje karibu na mulango, nikawaambia wasikaribie, waangalie kutoka hapa. Tulijisifu vile mpaka padri akafunga kanisa, na kila mumoja wetu alikuwa anasema kweli.