Alama A ya Maji ya Chumvi

Siku ya kwanza katika kamati ya mwongozo wa kisukari, miaka ya tisini, Daktari Mwenyekiti alinikabidhi kalamu nyekundu na rundo la karatasi. Mimi nilikuwa muuguzi wa kliniki ndogo ya Majengo. Nilijua sindano, sikujua makaratasi. Kazi ilikuwa kupima ushahidi wa kila pendekezo. A ilikuwa ya lile lililojaribiwa kwa wagonjwa waliogawanywa kwa kura na kulinganishwa, B na C za tafiti dhaifu zaidi, D ya maoni matupu ya wataalamu.

"Usitazame nani amesema," akaniambia. "Tazama amejuaje."

Karatasi moja ilisema mgonjwa aloweke miguu katika maji moto ya chumvi kila jioni. Nilitafuta utafiti, sikupata hata mmoja. Lakini pendekezo lilikuwa la Metroni, mkuu wa wauguzi na mjumbe mwenzetu wa kamati, aliyenifundisha kazi hii tangu nikiwa mwanafunzi. Heshima si utumwa, tunasema, ila siku ile yangu ilikuwa utumwa mtupu. Nikaandika A, kisha nikawasomea wagonjwa wangu hata kabla kikao hakijapitisha.

Mwezi haukuisha, Mzee Mutiso akaingia akichechemea. Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kukaa chini na kubana mti kwa nyayo huku tezo ikifanya kazi. Nilipofungua kitambaa alichojifunga mguuni nikaona malengelenge yamepasuka. Kisukari kilikuwa kimeitia miguu yake ganzi.

"Sista, mimi sikusikia moto hata kidogo," akasema. "Si ulituambia hiyo ni A?"

Nilikosa pa kuweka uso. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kupitisha mwongozo. Nikafuta A, nikaandika D, na kando yake: liondolewe.

Kikaoni, Metroni aliiona kabla sijaketi. Akauliza ni nani amegusa karatasi yake. Nikasema ni mimi, hakuna utafiti, na mgonjwa wangu ameungua.

"Miaka yote hii nimefundisha hivyo," akasema polepole.

"Na mimi nimefundisha hivyo, Metroni."

Pendekezo likaondolewa. Metroni hakunisalimu tena mpaka alipostaafu, na iliniuma. Mzee Mutiso alikatwa vidole viwili vya mguu, na kidonda hakikupona sawasawa. Hakuweza tena kubana mti; akabaki kupiga msasa vinyago vya wenzake.

Sasa nami nimestaafu. Wauguzi vijana hunijia nyumbani kuniuliza mambo ya miguu ya wagonjwa, na kila nikifungua mdomo wanaandika. Nawashika mkono wenye kalamu, nawaambia waniulize kwanza nimejuaje.